Wajapani shetani wao ni nani hasa?

mzee_wa_rimoti: Wakuu habarini. Mi mpenzi wa anime, zile katuni za Kijapani, toka kitambo ila kuna kitu kinanichanganya, jamaa anafyeka kijiji kizima halafu sizoni inayofuata kashakuwa mshkaji wa stelingi na hakuna anayeshtuka. Juzi nimekutana na habari za mungu wao Susanoo nikachoka kabisa. Huyu ni mwema au mbaya?

Chabruma_: Mkuu huyo ni mtihani. Kwenye Kojiki, kitabu chao cha hadithi za miungu cha mwaka 712, anabomoa kingo za majaruba ya dadake Amaterasu, anafukia mifereji, anajisaidia ukumbini wanapofanyia sherehe za mavuno, halafu anatoboa paa la nyumba ya kufumia nguo na kutupa ndani farasi aliyechunwa ngozi, mfumaji mmoja anakufa palepale. Dada mtu, ambaye ndo jua lenyewe, anaenda kujifungia pangoni, dunia nzima giza. Wanamkata ndevu wanamtimua mbinguni. Anatua duniani, sehemu inaitwa Izumo, anakuta wazee wawili wanalia, joka la vichwa 8 limewamalizia mabinti kabaki mmoja, basi jamaa analilewesha pombe analikatakata, anamuoa binti. Huyohuyo! Na leo anaabudiwa kwenye hekalu la Yasaka pale Kyoto, lile tamasha la Gion la kila Julai ni la hekalu lake.

bi_mkora: Cheki makosa yenyewe lakini. Kingo, mifereji, yaani vitu vya kuwaua njaa wakulima wa mpunga. Kuna dua ya utakaso ya Shinto, dini yao ya asili, inasomwa mwisho wa Juni na mwisho wa Desemba, kwenye maandishi yake ya kale orodha ya makosa inaanza na hayo, na mbele huko eti hadi magonjwa ya ngozi yamo, kisha yote yanasombwa na mito mpaka baharini. Kosa linaoshwa kama uchafu, mtu anabaki.

Tindo77: Mnamsafisha sana huyo jamaa, mfumaji je? Kafa kwa utani wa mtu mmoja halafu tunashangilia joka. Na msiseme kule hakuna hukumu, Wabudha wao wana Enma anayehukumu wafu, watoto wanatishwa ukidanganya atakung'oa ulimi.

mzee_wa_rimoti: Kwahiyo mfumaji ndo basi tena??

Chabruma_: Hapana. Kwenye Nihon Shoki, kitabu kingine cha kale cha mwaka 720, kuna simulizi moja inamtaja jina, Wakahirume. Ana hekalu lake Kobe, linaitwa Ikuta, watu wanaenda kuomba wachumba.

Tindo77: Afadhali. Angalau yeye hakupewa mke baada ya kuua mtu.