Naomba ushauri: mume wangu amerudi kwenye mizizi ya Kiebrania, nami nauza pweza

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo. Tunaishi Mikindani, Mtwara, na sote wawili ni Waanglikana tangu utotoni. Sasa mume wangu amejiunga na Wakristo wanaorudi kwenye mizizi ya Kiebrania: wanashika Sabato tangu jua linapozama Ijumaa, na Krismasi wameiacha. Hayo nayavumilia, na Sabato yenyewe imetuletea utulivu. Shida ni pweza na ngisi ninaokaanga jioni, kwani yeye, akishika Walawi 11 isemayo kwamba kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba ni najisi, hataki karai langu liingie jikoni, ingawa ada ya watoto hutoka humo humo. Nilimwonyesha Matendo 15, ambapo mitume hawakuwatwika watu wa mataifa Torati yote; akajibu kwamba kwa mstari wa 21 walitarajiwa kuendelea kujifunza Musa kila Sabato. Mchungaji alimkemea tu, naye akazidi kukaza.

Je, hoja ya mstari huo hujibiwaje kwa Maandiko bila ugomvi? Na mlio na wenzi wa imani hiyo, mmepatanaje kuhusu jiko na biashara?