Uluguru kwa wawili: Lupanga, Morningside, Kinole au Mgeta kwa siku mbili?

Wawili_Kimara

Wakuu, habari za humu. Mimi na mke wangu tuko Dar, tunataka wikiendi moja ya Agosti twende milima ya Uluguru. Tunapanda treni ya SGR Jumamosi asubuhi, tunarudi Jumapili jioni. Gari hatuna. Mimi mlima napanda, mwenzangu anatembea vizuri ila goti la kushoto linamsumbua akishuka mteremko. Nimeandika Lupanga, Morningside, Kinole na Mgeta. Vyote vinaingia ndani ya siku mbili? Na ukiacha picha, ni wapi watu wawili wanaweza kukaa wakaongea kwa utulivu?

Mkwezi

Mkuu, vinne haviingii. Hata viwili ni kujibana.

Lupanga ifute kabisa kwenye safari hii. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Lupanga ni mita 2,138. Hiyo ni zaidi ya mita 1,600 za kupanda na kuzishuka zote siku hiyohiyo. Njia inapita msituni, ina mizizi na udongo mwekundu unaoteleza hata kiangazi, kwa sababu ukungu unaulowesha mara kwa mara. Mnatembea mmoja mbele mmoja nyuma, mikono imeshika mizizi, pumzi ya kuongea haipo. Mkifika juu miti imefunika, mandhari mnayoifuata mnaiona zaidi mkiwa njiani kuliko kileleni. Ni mlima mzuri sana kwa anayependa msitu, ila kwa wawili waliokuja kupumzika, mmoja goti bovu, haufai.

Nendeni Morningside. Njia inaanzia mjini, inapandisha kwa barabara ya Boma, inapita mashamba ya Waluguru ya migomba na mbogamboga hadi kwenye jumba la zamani la enzi za Wajerumani. Kwa miguu ni saa mbili hadi tatu kwa mwendo wa kupumzika pumzika. Mto unausikia pembeni, na ukigeuka nyuma mji wote uko chini yako. Njia ni pana kiasi cha kutembea bega kwa bega, na kwa swali lako la kuongea hilo ni jambo kubwa kuliko urefu wa kilele. Maporomoko ya Choma yako mlima huohuo, mwambieni mwongozaji mapema kwamba mnataka kupitia huko ili apange njia.

Kosa la watu wengi ni kupanda siku wanayofika. Treni inakufikisha, unatafuta chumba, unakula, unaanza mlima saa 6 mchana. Muda huo jua linachoma mgongoni, na juu mawingu yameshakaa. Asubuhi milima huwa wazi, hewa ikipata joto inapanda na unyevu wake na kugeuka wingu kwenye mabega ya mlima. Kwa hiyo Jumamosi kaeni chini, Jumapili saa 12 asubuhi muwe mmeshaanza kutembea. Saa 3 mko Morningside, saa 6 mchana mmesharudi mjini.

Kolero

Naunga mkono kuhusu Lupanga. Niongeze kuhusu Kinole na Mgeta, maana watu huzitaja pamoja kana kwamba ni majirani. Ziko pande mbili tofauti za milima.

Kinole iko mashariki. Unatokea Bigwa, unapita Kiroka, kisha Mkuyuni, ndipo unaingia Kinole. Upande huu unapokea upepo wa Bahari ya Hindi moja kwa moja, kwa hiyo mvua ni nyingi, zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka, na hata Agosti manyunyu si ajabu. Ndiyo maana kuna karafuu, mdalasini, pilipili manga na migomba hadi ukingoni mwa barabara. Maporomoko yake ni mazuri na kijani kipo mwaka mzima. Shida ni barabara: ikinyesha, gari dogo linakwama kwenye vilima vya udongo, na bodaboda yenye abiria wawili inateleza.

Mgeta iko magharibi. Unatoka na barabara ya Iringa, pale Sangasanga unaacha lami kuelekea Mlali, kisha unapanda. Huko ni nchi ya baridi, matuta ya mbogamboga yamepangwa kwenye miteremko kama ngazi, kuna matunda ya nchi za baridi kama plamu, na mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway ambao Chuo Kikuu cha Sokoine kiliwapeleka miaka ya 1980. Maporomoko ya Hululu yako Bunduki, ukanda huohuo. Kwa maoni yangu Mgeta ndiyo bora kuliko zote kwa mke na mume, ila inataka usiku wa kulala hukohuko. Bila gari lenu mtategemea magari ya abiria, na yakichelewa kushuka Jumapili treni inawaacha. Iwekeni kwa wikiendi ya siku tatu, na mbebe masweta mazito, si ya kupigia picha.

Jumamosi yenu ijazeni na mji wenyewe. Pitieni soko la Chifu Kingalu mchana mnunue matunda ya kesho: ndizi, na stroberi za mlimani mkizikuta. Jua likianza kulegea nendeni Rock Garden, pale mto unapopita kwenye mawe chini ya mlima. Kaeni kwenye mawe ya pembeni, mahali penye kelele za maji lakini si za watu.

Dada wa Bigwa

Mimi naongea kwa niaba ya shemeji hapo juu, maana goti limetajwa halafu likapitwa haraka.

Watu wengi hukodi bodaboda hadi juu, kisha wanashuka kwa miguu wakidhani wamejipunguzia kazi. Kwa goti bovu ni kinyume. Kupanda kunachosha mapafu na mapaja, kushuka ndiko kunakopiga goti, kwa sababu kila hatua uzito wote wa mwili unatua kwenye mguu wa mbele uliokunjwa. Pandeni kwa miguu, shukeni kwa gari. Barabara ya Morningside ni mbovu na yenye mwinuko mkali, hivyo ongea na dereva wa gari ya fowili (inayovuta kwa magurudumu yote manne) tangu Jumamosi, mkubaliane bei kabla, na umwambie saa ya kuwachukua. Msitegemee kumpigia mkiwa juu; mabondeni mtandao unakatika. Bodaboda ya kushuka siishauri. Breki zinapata moto kwenye mteremko mrefu, na abiria wawili wanamsukuma dereva mbele.

Akitaka kushuka kwa miguu sehemu fulani, fimbo mbili ndefu kidogo kuliko za kupandia, hatua fupi, na apite kwa mshazari penye nafasi.

Viatu: raba zenye meno chini, zilizokwisha kuvaliwa angalau wiki mbili. Viatu vipya siku hiyo ni malengelenge. Kucha za miguu zikatwe fupi, mteremkoni kidole kinagonga mbele ya kiatu hadi ukucha unakuwa mweusi. Suruali pana au sketi ndefu, na kanga moja kwenye begi: ya kukalia, ya kujisitiri, ya kujifunika kukiwa na upepo. Mnapita mbele ya nyumba za watu, vaeni kwa staha na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga picha mama aliyejitwika mzigo. Maji lita mbili kila mtu. Chakula kiwe kisichomwagika: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga. Haja ndogo ifanywe mjini kabla ya kuanza, na taka zote zirudi na begi. Maji ya milima hii ndiyo yanayojaza mto Ruvu mnaokunywa huko Dar.

Wawili_Kimara

Asanteni sana. Basi ni Morningside Jumapili, kushuka kwa gari. Maswali mawili: kibali kinahitajika? Na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia Jumapili?

Mkwezi

Mkiishia Morningside mko kwenye ardhi ya vijiji. Mkivuka mpaka wa msitu kuelekea kilele cha Bondwa mnaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa 2008 na iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na huko kuna kiingilio. Malipo ni kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), kwa hiyo kamilisheni siku ya kazi kabla ya wikiendi. Mwongozaji mchukueni hata kama hamwingii msituni. Vijia vya mashambani vinagawanyika mara nyingi, na wawili peke yao wenye simu nzuri mkononi wanavutia macho yasiyofaa.

Mvua ya usiku ikikatika kabla ya alfajiri, sogezeni mwanzo hadi saa 1 na nusu, udongo wa juu ukauke kidogo. Ikiendelea asubuhi, acheni. Na msioge kwenye maporomoko siku hiyo hata kukiwa na jua pale mlipo: mvua ya juu mlimani huwafikia kama maji ya ghafla, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukiona rangi imebadilika, toka mtoni kwanza, viatu baadaye.

Kolero

Na tiketi ya kurudi msikate ya treni ya mapema. Stesheni ya Morogoro iko nje ya mji, upande wa Kihonda, na milango ya kupandia hufungwa kabla ya treni kuondoka. Acheni angalau saa nne kati ya kufika mjini na muda wa treni: kuoga, kula, usafiri wa kwenda stesheni. Tiketi za wikiendi huisha mapema, kateni ya kwenda na ya kurudi siku moja, na vitambulisho msivisahau.

Wawili_Kimara

Nimeelewa. Fowili naitafuta kwanza, tiketi baadaye, au kinyume?

Dada wa Bigwa

Tiketi kwanza. Fowili Morogoro zipo, siti za Jumapili jioni ndizo za kugombania.