Daraja la Victoria Falls: treni iendelee kupita au tuwaachie watalii?

Wadau, salaam. Jana kijiweni dereva mmoja wa masafa marefu, anayepakia Dar kwenda Botswana, kaleta hoja iliyotugawa. Anasema kwa kuwa Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, kuna daraja jipya tangu Mei 2021, lile kongwe la Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe, lipumzishwe. Malori yatoke, treni itoke, wabaki watalii na wale wanaojirusha kwa kamba.

Kwa malori niko naye. Kwa treni, sikubali.

Daraja lile lilipofunguliwa Septemba 1905 lilikuwa la reli. Barabara ilikuja kuongezwa mwaka 1930, sakafu ilipoinuliwa na kupanuliwa. Pale mwenye nyumba ni treni, lori ni mgeni. Mimi nimepita kwa miguu, kikaratasi cha uhamiaji mkononi, shati limelowa manyunyu. Likija lori lenye tela, unalisikia kwenye nyayo kabla hujaliona.

Wanaosema chuma kimezeeka siwabezi. Kinalowa tangu siku ya kwanza, kisa Cecil Rhodes, yule mkoloni Mwingereza aliyeota reli ya Cape hadi Cairo, alitaka manyunyu ya maporomoko yaifikie treni. Mtu mwenyewe kafa 1902, hakuwahi hata kutia mguu pale! Lakini korongo lilifaa: mwamba mgumu pande zote mbili ndio unaopokea msukumo wa tao la mita 156, bila nguzo hata moja majini, mita 128 chini. Nusu mbili zilijengwa kila moja kutoka ng'ambo yake, zikishikiliwa nyuma kwa nyaya. Jioni ya 31 Machi 1905 zilikutana zikapishana kama sentimita 3, jua lilikuwa limekitanua chuma. Baridi ya usiku ikakirudisha, asubuhi zikaingiana. Chuma cha namna hiyo kipewe rangi na mafundi, si kustaafishwa.

Halafu mnasahau: Zambia na Zimbabwe hazina reli nyingine inayoziunganisha. TAZARA, reli ya kutoka Dar, inaishia Kapiri Mposhi, Zambia, inapokelewa na reli ya Zambia yenye upana uleule wa milimita 1,067, inashuka Livingstone na kuvukia hapo. Kazungula imeachwa nafasi ya reli, lakini behewa halivuki juu ya nafasi. Mkifunga, mzigo utahamia wapi kama si kwenye malori hayohayo?

Dereva wetu anadai reli imejiua yenyewe kwa kuchelewesha mizigo. Mliowahi kupakua Kapiri Mposhi, mjibuni: behewa la kwenda kusini hukaa hapo siku ngapi?