Upinde wa mvua Materuni: saa ngapi unaonekana, na kwa nini filta inaufuta?

Mpigapicha_Uru
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaoelewa mambo ya nuru. Napanga muda wa kupeleka wageni Materuni, karibu na mji wa Moshi, wapate picha ya upinde wa mvua kwenye manyunyu ya maporomoko. Saa sita mchana jua linawaka, maji yanaruka, upinde hakuna. La pili, nikifunga filta ya polaraiza (kioo cha mbele ya lenzi kinachochuja mng'ao) ili mawe yaliyolowa yasing'ae, rangi zinapotea hata saa ambazo zilikuwepo. Filta mbovu? Na simu inakata upinde pembeni.

Nuru_Njiro
Mkuu, tatizo lako la kwanza ni saa. Nuru ikiingia kwenye tone la maji inapinda, inaakisiwa mara moja upande wa nyuma wa tone, inapinda tena ikitoka. Nyekundu inajikusanya kwenye nyuzi 42 hivi, zambarau karibu 40 na nusu. Nyuzi hizo zinapimwa kuanzia kivuli cha kichwa chako, maana hicho ndicho kitovu cha upinde. Huhitaji programu yoyote: nyoosha mkono, tanua vidole. Shubiri moja ni takriban nyuzi 20, kwa hiyo shubiri mbili kutoka kivuli cha kichwa ndipo rangi zinapokaa, ilimradi hapo pana matone yanayopigwa na jua.

Jua likifika nyuzi 42 juu ya upeo, kilele cha upinde kinakuwa usawa wa macho yako. Likipanda zaidi, upinde wote unazama chini ya usawa huo. Moshi iko nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa ikweta. Saa sita na nusu mchana jua haliwi chini ya nyuzi 63, hata Juni. Mgeni aliyesimama kando ya bwawa akitazama juu anautafuta pasipo na kitu. Saa zake ni tangu jua linapochomoza hadi saa tatu na nusu asubuhi hivi, halafu kuanzia saa tisa na nusu alasiri. Ongeza au punguza dakika ishirini kutegemea mwezi.

Kama hutaki hesabu, simika fimbo ya mita 1 wima penye tambarare. Kivuli kikizidi sentimita 111, upinde unaweza kutokea juu ya usawa wa macho. Kikipungua, tafuta pa kusimama palipo juu uangalie manyunyu yaliyo chini yako. Hapo hata saa tano unaupata. Ila bondeni kingo nazo huzuia jua la mapema, kwa hiyo kagua kwanza mwanga unayafikia maji saa ngapi.

Lenzi_Kiboriloni
Filta yako nzima kabisa. Nuru ya upinde hutetema kwa kufuata mkunjo wake: kileleni kwa ulalo, miguuni kwa wima. Mng'ao wa maji na mawe yaliyolala nao hutetema kwa ulalo. Ukizungusha filta kuua mng'ao, unaua na kilele cha upinde. Izungushe nyuzi 90 kutoka hapo: kilele kinakolea, mng'ao unarudi. Vyote viwili hupati, chagua. Ukipiga upinde mzima, ivue, la sivyo kilele kitang'aa na miguu ifutike. Miwani ya jua ya polaraiza ina mambo hayohayo, waambie wageni waivue.

Kuhusu simu: upinde mzima ukiwa wazi una upana wa nyuzi 84, na lenzi kuu ya simu nyingi inachukua karibu 70. Tumia 0.5x, yaani lenzi pana ya simu. Shusha mwangaza wa picha kati ya -0.7 na -1, maana maji meupe huunguza picha na rangi zinapauka. Manyunyu yakiwa laini mno upinde unakuwa mweupe tu. Lenga sehemu yenye matone makubwa, karibu na maji yanapogonga. Na beba kitambaa kikavu cha lenzi, bila hicho kazi bure.

Mpigapicha_Uru
Shukrani sana wakuu. Na lile duara kubwa linalozunguka jua, ni upinde uleule?

Nuru_Njiro
Hapana. Upinde unaupata ukilipa jua mgongo. Duara liko upande wa jua lenyewe. Linatokana na fuwele za barafu zenye pande sita kwenye mawingu membamba ya juu sana, nalo liko nyuzi 22 kutoka jua, yaani shubiri moja. Nyekundu iko ndani. Kwenye upinde iko nje. Ziba jua kwa nguzo au ukingo wa paa kabla ya kutazama, tafadhali sana. Kiduara kidogo kinachobana mwezi, wekundu ukiwa nje, ni kazi ya matone ya maji.

Mkwea_Meru
Nyongeza kuhusu mwelekeo. Asubuhi ukiwa Moshi, tazama magharibi, upande wa Meru. Jioni ukiwa Arusha, tazama mashariki, upande wa Moshi. Kwa wanaopanda Meru: mkiwa kwenye ukingo asubuhi na mawingu yako chini upande wa magharibi, angalieni kivuli chenu juu ya mawingu hayo. Mnaweza kukuta viduara vya rangi kuzunguka kichwa, na kila mtu ataviona kwenye kichwa chake tu. Wageni hubishana sana hapo. Picha ya kila mmoja ipigwe kwa kamera iliyo usawa wa macho yake, maana viduara hufuata kivuli cha lenzi.