Likizo ya kipupwe, siku 10 kutoka Dodoma: milima, mbuga au bahari?

mwenye_begi

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa kupanga safari. Tuko watano: wazazi wawili, watoto wa miaka 6 na 10, na bibi yao ambaye magoti yanamsumbua kwenye ngazi na miteremko. Tunatoka Dodoma tarehe 24 Juni, siku 10 jumla, turudi kabla shule hazijafunguliwa. Gari ni Noah ya kawaida, si 4x4. Bajeti shilingi milioni 4, mafuta nimeyatenga pembeni.

Orodha yetu mpaka sasa: maua ya Kitulo, papa potwe wa Mafia, nyumbu wakivuka Mto Mara, halafu tumalizie Paje, ufukweni Unguja. Najua yote hayaingii. Nisaidieni kukata: kipi kibaki, kipi kitoke, na kwa nini.

dira_na_ramani

Mkuu, kabla hujahesabu kilomita, hesabu miezi. Vitu vitatu kati ya vinne ulivyoandika hutavikuta mwisho wa Juni.

Maua ya Kitulo hufuata mvua. Yanaanza kuchomoza mvua zikishika, yananawiri kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha yanakwisha. Mwisho wa Juni utakuta uwanda wa nyasi zilizokauka kwenye mita 2,600 hivi, anga safi, na baridi kali usiku. Ni pazuri kwa mtu anayetaka ukimya, lakini si ile Bustani ya Mungu mnayoiona kwenye picha. Papa potwe hukaribia pwani ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Nyumbu nao, mwisho wa Juni kwa kawaida bado wako magharibi ya Serengeti upande wa Mto Grumeti, au ndiyo wanaanza kupanda kaskazini. Kuvuka Mara, pale Kogatende, ni habari ya katikati ya Julai hadi Septemba, na mvua ikibadilika wao pia hubadilika. Isitoshe, ukiingilia lango la Naabi, kutoka Seronera hadi Kogatende ni saa tatu mpaka nne nyingine za vumbi. Noah usiipeleke huko.

Paje ipo mwaka mzima, ila upepo wake mwezi huo una mambo yake. Wa pwani watakueleza.

Sasa kanuni ya kuchagua. Watu husema "kipupwe" kana kwamba nchi nzima ina hali moja ya hewa, kumbe kinachoamua ni mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka nyuzi 6 hivi. Dodoma iko kwenye mita 1,100 na ushee; chukua joto la usiku la hapo kwako, kisha ongeza au punguza. Usiku Dodoma ikiwa nyuzi 14, tegemea 8 au 9 Njombe, 6 au 7 ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na 15 au 16 Msembe ndani ya Ruaha. Mabonde huvunja hesabu hii: hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka chini na kutuama. Ndiyo maana sakitu (umande ulioganda) huonekana kwanza bondeni, si mlimani. Ukichagua pa kulala nyanda za juu, chagua nyumba iliyo kwenye mteremko, iachie bonde baridi yake.

Kwa tarehe zako, gari lako na magoti ya bibi, mimi ningeelekea kusini: Iringa, Ruaha, kisha Mufindi au Njombe. Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ni lami, kama kilomita 260. Mwisho wa Juni Ruaha imeanza kukauka, maji yanapungua mtoni, wanyama wanasogea kwenye madimbwi yaliyobaki. Nyasi bado ni ndefu sehemu nyingine, kwa hiyo usitegemee kuona kama Septemba, ila utaona. Kaskazini si pabaya, isipokuwa bajeti yako yote italiwa na kukodi gari.

mwenye_begi

Asante sana mkuu, umenikata maini lakini nimeelewa. Kusini basi. Maswali mawili. Noah inaingia Ruaha? Na hiyo baridi ya Njombe, kwa watoto na mtu mzima, tujiandae vipi?

koti_la_makambako

Naanza na baridi kwa sababu ndiyo inayochukuliwa kirahisi.

Mchana utadanganyika. Jua la saa 7 linachoma kabisa, watoto wanavua masweta. Ikifika saa 12 jioni joto linaporomoka kwa haraka, kwa kuwa anga halina wingu la kulishika. Nguo nyingi nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine ni bora kuliko koti moja zito: fulana ya kubana, shati la mikono mirefu, sweta, halafu koti lisilopitisha upepo. Soksi nzito jozi mbili kila mtu, moja ya mchana na moja kavu ya kulalia. Kofia kwa watoto. Bibi mpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, aiweke magotini wakati wa kulala.

Kabla ya kulipia chumba uliza mambo matatu: maji ya moto yanapatikana saa ngapi, blanketi ni ngapi kwa kitanda, na madirisha yanafunga. Heater ya maji ya jua ikikutana na ukungu wa asubuhi haitoi kitu.

Na hili msilifanyie mzaha: jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa vizuri kwa ajili ya baridi ndicho kinachoua. Mtu huanza na kichwa kuuma na usingizi mzito, hapati hata nguvu ya kufungua mlango. Mkaa ni wa kuota nje au sebule iliyo wazi, tena kabla ya kulala.

Kuhusu gari: barabara kuu ya Iringa, Mafinga, Makambako hadi Njombe ni lami, Noah inakwenda bila shida. Tatizo ni ukungu wa alfajiri na malori. Usiondoke kabla ya saa 2 asubuhi, na ukiwa kwenye ukungu washa taa za chini. Za juu zinakurudishia weupe usoni. Njia za mashamba ya chai Mufindi ni za udongo. Zikiwa kavu Noah inapita polepole, umande au manyunyu yakishuka huteleza kama sabuni. Ile Hamsini na Saba, kona za kupanda Kitulo kutokea Chimala, iache kabisa.

dira_na_ramani

Ruaha na Noah: hapana. Utafika langoni pengine, maana Iringa hadi kule ni kilomita 130 hivi, lakini ndani kuna mchanga wa mitoni na mawe yanayotaka gari la juu. Iache Iringa mahali penye ulinzi, kodi Land Cruiser yenye dereva. Kubaliana mapema: bei kwa siku, mafuta ni ya nani, chakula na malazi ya dereva ni ya nani, na kiingilio cha gari kimo au hakimo. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo kwenye kiingilio cha gari.

Mwangalie dereva anavyohudumia rejeta. Msimu huu nyasi zina mbegu, zinajaa mbele ya rejeta na chini karibu na bomba la moshi. Injini huchemka, na zikigusa bomba la moto zinaweza kuwaka. Dereva anayejua kazi husimama mara kwa mara akazipangusa kwa brashi.

Kibali cha kuingia hifadhi huhesabiwa kwa saa 24 tangu unapoingia, si kwa tarehe. Ukiingia saa 2 asubuhi, kesho saa 2 kibali kimekwisha na umepoteza asubuhi ya pili, ambayo ndiyo saa nzuri ya simba na chui. Ingia saa 8 mchana, zunguka jioni, lala ndani, amka alfajiri, toka kabla ya saa 8 mchana. Kibali kimoja, mizunguko miwili. Kama unataka usiku wa pili, lipia saa 48 kwa mkupuo tangu mwanzo, usitoke ukarudi.

Beba vitambulisho vya watu wazima na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Bila kuthibitisha uraia unaweza kutozwa kwa kiwango cha wageni, na tofauti yake ni kubwa. Malipo si ya fedha taslimu mkononi. Unapewa namba ya kumbukumbu unalipia benki au kwa simu. Mtandao huko haueleweki, kwa hiyo maliza malipo ukiwa bado Iringa mjini. Tena safari yako inavuka tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha, wakati ambao viwango vipya huanza. Hakikisha unaangalia vya mwaka unaohusika.

Nguo za porini: kaki, kijivu, kijani iliyofifia. Bluu iliyokolea na nyeusi huwaita ndorobo. Ruaha iko chini kuliko Iringa, malaria ipo, vyandarua na dawa ya kupaka visikosekane hata kama asubuhi mtatetemeka kwenye gari la wazi. Blanketi moja la magotini kwa kila kiti.

mzee_wa_kolo

Mnamkataza kaskazini mapema mno. Dodoma hadi Babati ni lami, na njiani ipo Kolo, Kondoa, yenye michoro ya miambani iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006. Safari ya kwenda na kurudi bila kulala mbali. Tarangire nayo inaanza kupata tembo wa msimu wa kiangazi.

Ila nakubali jambo moja: mwisho wa Juni hadi Agosti, Arusha na Moshi hukaa chini ya wingu zito asubuhi hadi karibu mchana. Anayekuja kupiga picha Kilimanjaro anakaa siku tatu haoni kitu, wakati juu ya mita 3,000 kuna jua tupu. Na michoro ya Kolo mingi iko juu ya mwamba, kwa hiyo bibi atabaki garini.

maji_mafu

Ukiamua kumalizia bahari, fahamu hii ni kusi. Upepo unatoka kusini mashariki na unapiga uso kwa uso pwani ya mashariki ya Unguja: Paje, Jambiani, Bwejuu. Wanaoteleza kwa tiara wanaupenda sana. Mtoto wa miaka 6 anataka maji tulivu, na kwa msimu huu hayo yako kaskazini, Kendwa na Nungwi, ambako kisiwa chenyewe kinakinga upepo.

Halafu kuna kupwa na kujaa. Siku za bamvu, mwezi mpevu au mwandamo na siku moja mbili baada yake, maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Tofauti inaweza kufika mita 4. Paje siku hiyo unatembea mwendo mrefu kwenye mchanga na miamba kabla ya kuogelea. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kulipia hoteli.

Boti: kwenda Unguja mawimbi yanakusukuma kutoka nyuma, kurudi Dar mnayakata usoni. Ndiyo maana wanaotapika wengi hutapika kwenye kurudi. Kata tiketi ya asubuhi, kaa katikati kuelekea nyuma, chini. Dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda. Ukishaanza kuumwa haisaidii.

Kwa siku 10 usijaribu Njombe na bahari pamoja.

dira_na_ramani

Namuunga mkono. Gawa hivi: siku ya 1 Dodoma hadi Iringa, siku ya 2 mjini na Isimila, penye zana za kale za mawe na nguzo za mawe. Nguzo zile za mawe ziko korongoni, njia inashuka kwa ukali, bibi atabaki juu kwenye zana za mawe na ataona ya kutosha. Siku ya 3 ondoka kwa Land Cruiser saa 3 asubuhi, ingieni Ruaha saa 8. Usiku mbili ndani, mtoke siku ya 5 kabla ya saa 8, mlale Iringa. Siku ya 6 na 7 Mufindi, ya 8 Njombe, siku ya 9 rudini mpaka Iringa, ya 10 Dodoma. Udzungwa nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu na maporomoko yake ya Sanje ni kupanda tu.

Bajeti ikibana, kata huo usiku mmoja wa Njombe. Usikate usiku wa pili wa Ruaha.

mwenye_begi

Nimechukua. Kwenye Noah, kuna kitu cha ziada cha kubadilisha kabla ya kupanda Mafinga?

koti_la_makambako

Betri ipimwe. Iliyochoka inawasha Dodoma, halafu inagoma asubuhi ya kwanza ya nyuzi 5. Pima pia upepo wa matairi ukiwa huko juu asubuhi kabla gari halijatembea, pamoja na la akiba.