Dawa ya minyoo ya mbwa: sirapu, kidonge cha mchanganyiko au sindano?

Chui_wa_Uani: Wakuu, nina jike wa kilo 24 na mtoto wake wa wiki sita. Kila ninayemuuliza ana lake: sirapu ya piranteli, kidonge cha mchanganyiko, na mwingine ananiambia nichome ivemektini ya ng'ombe. Kipi kinafaa, na nirudie baada ya muda gani?

Mlezi_wa_Jike: Kwa huyo mdogo chagua sirapu. Piranteli inaondoa minyoo mviringo na minyoo ya safura, ambayo ndiyo inayowamaliza watoto wa mbwa, na haiwasumbui mwilini. Usisubiri tumbo livimbe. Minyoo mviringo humpata mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, tena na maziwa huipitisha. Ndiyo maana dozi huanza wiki ya pili, ikarudiwa kila wiki mbili hadi ya nane, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Wako amechelewa kidogo, anza leo, na mama naye apate siku hiyo hiyo. Mfunue mdomo uangalie ufizi. Ukiwa umepauka na choo ni cheusi cha kunata, hiyo ni safura inafyonza damu. Mkimbize kwa daktari, dawa ya minyoo peke yake huenda isimwokoe.

Adui_wa_Kupe: Naongezea: piranteli haigusi tegu, yaani minyoo bapa yenye mapingili. Ukiona vipande vyeupe mithili ya punje za mchele kwenye manyoya chini ya mkia, hapo dawa ni prazikwanteli. Na tegu huyo wa kawaida analetwa na viroboto: mbwa akijing'ata kwa muwasho, anameza kiroboto chenye lava (tegu mchanga). Ukitibu tegu ukaacha viroboto kwenye matandiko, wiki chache tu vipande vimerudi, halafu watu wanasema dawa ni feki. Viroboto kwanza!

Daktari_Mifugo: Jike mpe kidonge chenye piranteli, prazikwanteli na febanteli. Kinashika aina nyingi, hata minyoo mjeledi ambayo piranteli peke yake haiiwezi. Mbwa mkubwa inamtosha dozi moja kila miezi mitatu. Anayekula matumbo au maini mabichi ya mifugo apewe prazikwanteli kila wiki 4 hadi 6, maana huko hupata tegu mdogo anayewasababishia watu uvimbe wenye maji kwenye ini na mapafu.

Uzito usikisie. Jipime ukiwa umembeba, kisha jipime peke yako, utoe. Pakiti ikisema kimoja kwa kilo 10, huyo anahitaji viwili na nusu.

Ivemektini ya ng'ombe achana nayo kabisa. Imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, kosa dogo la kipimo kwa mbwa ni kubwa mno. Mbwa wa jamii ya collie (wale wa kuchunga kondoo) wengi wana jeni inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo: anatetemeka, anapofuka, anazimia. Na tegu haimwui.

Chui_wa_Uani: Nikipima choo kwanza badala ya kumpa tu?

Mlezi_wa_Jike: Kwa mkubwa ni sawa, mimi hupima. Kwa mtoto hapana. Minyoo michanga haijaanza kutaga, kwa hiyo majibu yatasoma safi huku ikimla.

Daktari_Mifugo: Kweli kabisa. Tegu pia mara nyingi hukipita kipimo bila kuonekana.

Chui_wa_Uani: Asanteni. Mtoto nimempa sirapu asubuhi, sasa hivi ametoa minyoo mirefu myeupe, mingine bado inacheza. Ni kawaida?

Daktari_Mifugo: Kawaida. Piranteli huipoozesha tu, ndiyo maana inatoka mizima. Usimwongezee dozi. Choo hicho kizoe sasa hivi, na kila siku, kwa sababu mayai huhitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo ndipo yaweze kuambukiza. Yakishakomaa hukaa miaka, na mtoto wa binadamu akiyameza, lava huweza kufika hadi jichoni.