Mashine ya boti inakuzimia majini? Tupeane uzoefu wa kabureta

Kijana wa Tudor (mwenye mada)
Assalaam aleikum wanabahari. Nina mashine ya boti ya nguvu farasi 40, stroki mbili, niliyoachiwa na ami yangu. Kusi lote ilikuwa imelala bandani. Nimeirudisha majini juzi: kamba mara 1 tu, imewaka. Polepole yaenda vizuri, napita chini ya daraja la Nyali, nafika usawa wa Ngomeni (Fort Jesus, hapa Mombasa) bila tatizo. Nikiifungulia tu, yashika kidogo kisha yanyong'onyea kama mfungaji wa Ramadhani saa kumi na moja jioni. Jumamosi ilizima kabisa mlangoni mwa bandari, maji yakipwa, mkondo watupeleka nje. Tulipiga kasia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Fundi ameifungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, mara 3, na mara 3 nimelipa. Aliyepatwa na haya asimulie. Ya kusikia kwa jirani sitaki.

Kasia Moja, Likoni
Pole sana. Ikianza kulegea, umewahi kuikamua ile pampu ya mkono iliyo kwenye paipu ya petroli? Yangu ya 15 ilinitesa kaskazi nzima. Kijana akikamua, mashine yaamka, akiacha, yalala. Hapo nikajua kabureta yaonewa, mafuta ndiyo hayafiki. Kumbe ni mimi mwenyewe: nilikuwa nakaza kile kitundu cha pumzi juu ya mfuniko wa tangi, eti nazuia maji ya chumvi yasiingie. Petroli yanyonywa, hewa haiingii, tangi labonyea mbavu mbele ya macho yangu nami nimekaa juu yake. Na kabureta nilikuwa nimeshamlipa mtu aisafishe.

Mwana wa Bahari
Mimi ilikuwa paipu. Nje nzima, ndani imepasuka karibu na kile kiungo cha kuchomeka. Usitegemee kuona petroli ikivuja, maana mashine yavuta: hewa ndiyo inayoingia. Nilibadilisha paipu na vibanio vyake, basi.

Fundi Mstaafu
Mimi ni fundi, msinipige mawe. Wenzangu wengi hukimbilia kabureta kwa sababu iko karibu na mkono. Kijana, sikiliza mashine yako. Kabureta ina njia mbili: ndogo ya mwendo wa chini, na jeti kubwa, kile kitundu cha kupitishia petroli, ya mwendo wa juu. Ingekuwa haitulii polepole mpaka uvute choki (ile ya kupunguza hewa), ningesema njia ndogo imeziba. Yako polepole ni nzima, kwa kasi yafa. Basi ni jeti kubwa, au mafuta yanakuja haba kabla hata ya kufika kwenye kabureta.

Jeti ikiziba, usiichokoe kwa waya! Niliwahi kufanya hivyo nikiwa kijana, nikaharibu mashine ya mtu. Ile ni shaba ya njano, laini, tundu lapanuka na hesabu ya mafuta yapotea. Chukua uzi mwembamba wa mshipi wa nailoni, halafu pulizia upepo.

Jambo moja lanitia hofu zaidi ya kuzima kwako. Stroki mbili hupata oili yake ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na pistoni yakwaruzika ikiwa kwenye mbio. Kwa hivyo usiilazimishe kurudi nyumbani kwa kasi huku unakamua pampu. Rudi polepole hata usiku ukuingilie. Na mchanganyiko fuata kitabu chake: nyingi ni oili lita 1 kwa petroli lita 50, lakini za zamani sana hutaka oili zaidi.

Mama Boti
Mimi siendi baharini, vijana ndio waendao, lakini mashine ni yangu na hasara ni yangu. Ilinifanyia haya haya baada ya masika. Nilichota petroli kutoka chini ya tangi nikaitia chupani, nikaiacha juu ya dirisha. Asubuhi chini kuna maji yamejitenga, meupe pe. Jerikeni ilikuwa inakaa nje, mfuniko umepasuka. Tangu siku hiyo, boti ikipumzika, mashine yaoshwa kwa maji ya kisima ikiwa pipani, kisha paipu yachomolewa iachwe ivute mpaka izime yenyewe. Kibakuli cha kabureta chabaki kikavu. Petroli ya kusi ikikaa mle hugeuka gundi, yanuka kama vanishi.

Kijana wa Tudor
Nimerudi. Kitundu kiko wazi, paipu ni mpya. Nimekamua pampu, haikubadilika kitu. Nikafanya ya Mama Boti: maji vidole viwili chini ya chupa! Nikafungua kibakuli, matone ya maji yameketi pale pale jeti inaponyonyea. Yaani mara 3 kabureta imesafishwa ikang'aa, na mara 3 imerudishwa kunywa tangi lile lile.

Nimemwaga yote, nimeosha tangi, nimeweka chujio lenye kikombe cha kuonea maji. Leo alfajiri nimeifungulia kuanzia Ngomeni mpaka nje ya mwamba, haikukohoa. Sasa fundi ataka pesa ya kazi ya mara ya 4, ile ya jana kunishikia spana. Nimpe?

Fundi Mstaafu
Mpe ya chai. Na umuoneshe ile chupa.